Sura ya Sita: Dozi ya Asubuhi

Arosto ya heroini hutesa sana lakini huua mara chache. Kati ya saa 8 na 12 baada ya kete ya mwisho miayo inaanza, zinafuata kamasi na machozi, jasho la baridi, tumbo kukoroga, mifupa kuuma, miguu kurusharusha usiku kucha. Siku ya pili na ya tatu ndizo kali zaidi. Wiki ikiisha, sehemu kubwa ya mateso hayo imepita, na mtu asiye na ugonjwa mwingine mkubwa, akinyweshwa maji ya kutosha kufidia anayopoteza kwa kutapika na kuhara, husimama tena.

Familia nyingi za Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Unguja zimelijua hilo bila kufundishwa na daktari, ndiyo maana tiba ya kwanza inayojaribiwa nyumbani ni kufuli. Chumba cha uani, godoro, ndoo, uji, na mjomba mwenye kifua kipana mlangoni. Kijana anapiga kelele, anatukana, anaapa, analia, kisha ananyamaza. Baada ya siku kumi anatoka amekonda, lakini macho yamerudi. Anawaomba radhi wazazi. Mama anachinja kuku, majirani wanaitwa kwenye dua.

Wiki chache baadaye wengi wao wako kijiweni tena, na baadhi hufa siku hiyo hiyo ya kurudi. Hufa kwa kiasi kile kile walichokuwa wakikitumia zamani wakaamka salama. Mwili unaopokea heroini kila siku hujenga ustahimilivu, hadi kipimo cha kumuua mgeni kinakuwa cha kumtuliza tu aliyezoea. Siku kumi za kufuli, au miezi sita ya gereza, huubomoa ustahimilivu huo, wakati mtumiaji mwenyewe bado anapima kwa kipimo cha jana. Heroini hupunguza kasi ya kupumua. Ikizidi, mtu anasinzia, pumzi zinaachana, midomo inabadilika rangi, na kama hakuna aliye karibu anayejua la kufanya, basi. Ipo dawa iitwayo naloksoni ambayo hurudisha pumzi ndani ya dakika chache, lakini ni nyumba ngapi unazozijua wewe zenye naloksoni?

Nimeanza na hili kwa sababu imani kwamba kuvuka arosto ndiko kupona imewagharimu wazazi wengi watoto wao. Kuvuka arosto ni kazi ya wiki moja. Matibabu ya uraibu huhesabiwa kwa miezi na miaka, na kadiri ninavyolifuatilia suala hili ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba katika vipimo vyote vya mafanikio yake, kimoja ndicho kikubwa: je, mgonjwa bado anakuja? Anayeendelea kuja, hata akiteleza, ana nafasi. Aliyepotea hana. Mengine yote katika sura hii, dawa, nyumba za nafuu, vikao, nauli, ajira, nayapima kwa swali hilo.

Heroini si mgeni wa jana katika pwani yetu. Kampuni ya Bayer ya Ujerumani ilianza kuiuza mwaka 1898 kama dawa ya kikohozi, lakini kwetu ilifika kwa mlango mwingine, miaka ya 1980, kutoka mashamba ya mpopi ya Asia kupitia viwanja vya ndege na bahari. Hadi leo majahazi yanayoondoka pwani ya Makran, upande wa Iran na Pakistani, hukamatwa katika Bahari ya Hindi yakiwa na shehena. Mwanzoni iliyouzwa mitaani ilikuwa ile ya kahawia, ya kuvutwa kwa moshi au kuchanganywa na bangi kwenye msokoto, kokteli kama wanavyoiita wenyewe. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1990 ikaingia nyeupe, ambayo huyeyuka kirahisi kwenye maji, na bomba la sindano likaingia nayo. Sindano ikaleta VVU na homa ya ini. Tafiti zilizofanyika Dar es Salaam katika muongo wa kwanza wa karne hii zilikuta zaidi ya theluthi moja ya waliokuwa wakijidunga wana VVU, na kwa wanawake idadi ilipita nusu.

Msaada kwa watu hao ulianza taratibu, na Kenya ilitangulia kwa juhudi za jamii: Omari Project ya Malindi ilianza mwaka 1995, wakati sehemu nyingine za pwani zilikuwa bado zinasema unga ni tatizo la watoto wa watu wengine. Dawa yenyewe, methadoni inayoshika nafasi ya heroini, ilikuja baadaye. Februari 2011 kliniki ya methadoni ilifunguliwa katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, kwa ushirikiano wa hospitali hiyo, chuo kikuu cha afya kilicho jirani nayo, serikali, na fedha za mpango wa Marekani wa kupambana na UKIMWI, PEPFAR. Dk. Jessie Mbwambo, bingwa wa magonjwa ya akili, alikuwa miongoni mwa walioiongoza. Mauritius ilikuwa imeanza mwaka 2006, lakini katika bara lenyewe, kusini mwa Sahara, hiyo ndiyo ilikuwa kliniki ya kwanza ya aina yake inayoendeshwa kama huduma ya umma. Mwananyamala ikafuata mwaka 2012, kisha Temeke. Kenya ilianza Mathari, Nairobi, Desemba 2014, na Malindi mwaka uliofuata. Zanzibar ilifungua yake Kidongo Chekundu mwaka 2015. Leo huduma hiyo imefika Mbeya, Mwanza, Dodoma, Tanga, Arusha na mkoa wa Pwani, na mgonjwa halipii dawa.

Uamuzi mmoja wa waanzilishi wa Muhimbili unastahili sifa kuliko unavyopewa. Hawakusubiri mgonjwa ajitokeze getini. Walishirikiana na asasi zilizokuwa tayari mitaani, kama Kimara Peer Educators na Blue Cross, ambazo wahudumu wake walikwenda maskani kwa miguu, wakakaa na watu pale wanapokaa, wakawaandaa kwa vikao kadhaa kabla ya kuwafikisha kwa daktari. Mtu ambaye kwa miaka mitano hakuguswa na yeyote isipokuwa askari na mgambo aliingia hospitali akiwa ameshikwa mkono na mtu anayemjua kwa jina. Nina hakika kwamba nusu ya matibabu ilianzia hapo.

Sasa dawa yenyewe. Methadoni ilitengenezwa na wanakemia wa Ujerumani mwishoni mwa miaka ya 1930 kama dawa ya maumivu. Mwaka 1964, katika Taasisi ya Rockefeller jijini New York, daktari Vincent Dole, daktari wa akili Marie Nyswander na daktari kijana Mary Jeanne Kreek waliwapa waraibu wa heroini methadoni kila siku, wakaona jambo ambalo hawakulitarajia. Wagonjwa waliacha kuzungumzia dawa. Mmoja akaanza kuchora picha kwa bidii, mwingine akaomba aruhusiwe kurudi shule. Walichapisha matokeo yao mwaka 1965, na mwaka 2005 Shirika la Afya Duniani likaiingiza methadoni katika orodha ya dawa muhimu kwa matibabu ya uraibu.

Sababu yake inaeleweka bila elimu ya udaktari. Heroini mwilini hujaa na kupwa kama bahari, mara tatu au nne kwa siku, na kila maji yanapokupwa mtumiaji anabaki mchangani akihangaika kutafuta kete inayofuata: kuombaomba, kupiga debe, kuiba kioo cha gari, kuuza mwili. Siku yake yote imeliwa na kupwa na kujaa. Methadoni hukamata sehemu zile zile za ubongo ambazo heroini huzikamata, lakini hupanda polepole na kukaa zaidi ya siku nzima, hivyo maji hubaki katika kina kimoja. Mgonjwa aliyefikia kipimo chake sahihi hapati ulevi wala arosto. Na akijaribu kutumia unga juu yake, mara nyingi hausikii, kwa kuwa viti vimekwisha kukaliwa. Anachopata ni muda. Saa ishirini na nne ambazo hazidai kete ni nyingi mno kwa mtu aliyekuwa hajawahi kuwa nazo tangu ujana wake.

Kipimo hicho hakifikiwi siku ya kwanza. Daktari huanza chini, miligramu 15 hadi 30, kwa sababu methadoni hujilimbikiza mwilini na katika wiki mbili za mwanzo inaweza kuua ikipandishwa kwa pupa. Hupandishwa kidogo kidogo, wengi wakitulia mahali fulani kati ya miligramu 60 na 120. Ni katika wiki hizo za kupandishwa ndipo wengi hukata tamaa, kwani dozi ya leo haifiki kesho asubuhi na arosto inawapitia alfajiri. Nesi mzoefu hulisoma hilo dirishani.

"Umelala, kaka?"

"Nimelala, sista. Ila kuanzia saa kumi alfajiri jasho lote."

Jibu hilo fupi lina taarifa yote anayoihitaji daktari: dozi inaisha kabla ya wakati. Mgonjwa hunywa kikombe chake mbele ya nesi, anashushia maji, kisha anasema neno lolote ili ijulikane amemeza. Utaratibu huu unawaudhi watu wazima, na nawaelewa, lakini methadoni ikitoka nje ya kliniki mdomoni mwa mtu na kuuzwa kwa mwingine asiyeizoea, huyo mwingine anaweza asiamke.

Kuna jambo moja la kitaalamu ambalo kila mzazi, kila mhudumu wa kifua kikuu na kila mhudumu wa kliniki ya VVU anapaswa kulijua, maana limewafukuza wagonjwa wengi bila mtu kufahamu. Rifampisini, dawa ya msingi ya kifua kikuu, huliamsha ini likaichoma methadoni haraka. Mgonjwa aliyekuwa ametulia kwa miligramu 80 anaanza vidonge vya TB, na ndani ya wiki moja au mbili arosto inarudi ingawa kikombe ni kile kile. Analalamika. Kama anayemsikiliza hajui, atamwona mwongo anayetaka kuongezewa dozi apate kusinzia. Mgonjwa anaondoka, anarudi kwenye unga, anaacha methadoni, anaacha na vidonge vya TB. Nevirapini na efavirenzi, dawa za VVU zilizotumika kwa miaka mingi, zilikuwa na tabia hiyo hiyo. Dolutegraviri, ambayo Tanzania ilianza kuitumia kwa wingi mwaka 2019, haina, na kwa watu hawa hiyo ni neema kubwa. Ufumbuzi wake ni mwepesi pale wahudumu wanapozungumza: dozi hupandishwa wakati wa tiba ya TB na kurudishwa taratibu ikiisha. Ndiyo maana kliniki inayotoa methadoni, dawa za VVU na dawa za TB kwenye dirisha moja huokoa watu ambao madirisha matatu yangewapoteza.

Wapo wanaosema hawa wamehamishwa tu, kutoka kuwa mateja wa mtaani na kuwa mateja wa serikali. Nimelisikia msikitini, kanisani na kwenye daladala, na wanaolisema mara nyingi ni watu wema walioumizwa na ndugu zao. Nawajibu kwa uzito unaostahili. Ni kweli mwili wa mgonjwa wa methadoni unaitegemea, na akiikatisha ghafla atapata arosto ndefu kuliko ya heroini. Lakini uraibu ni zaidi ya mwili kuhitaji kitu. Mraibu huiba kwa mama yake, hulala mtaroni, huchangia bomba na mtu asiyemjua, huacha mtoto bila chakula huku akijua anachokifanya na akilia kwa anachokifanya. Mtu anayekunywa kikombe asubuhi, akaenda kubeba mizigo Kariakoo, akarudi na unga wa ugali nyumbani, hana ugonjwa ule tena katika sehemu inayoharibu maisha. Akitaka kupunguza na kuacha baadaye, apunguze kwa miezi mingi, na daktari. Akihitaji kunywa kwa miaka ishirini, anywe. Sioni aibu iko wapi.

Mazingira yana nguvu kuliko tunavyokubali, na kisa cha wanajeshi wa Marekani kinalionyesha hilo kuliko chochote ninachokijua. Mwaka 1971 serikali yao ilishtuka kugundua kwamba heroini imeenea katika majeshi yaliyokuwa Vietnam. Mtafiti Lee Robins alipewa kazi ya kuwafuatilia waliporejea nyumbani. Karibu mmoja kati ya watano alikuwa amekuwa mraibu akiwa kule, na mwaka mmoja baada ya kurudi, takriban asilimia 5 tu ya waraibu hao walikuwa wameangukia tena uraibu. Wataalamu wengi hawakuamini. Wanaume hao walikuwa wameacha nyuma vita, woga, upweke, muuzaji na marafiki wa kuvuta nao, vyote kwa safari moja ya ndege.

Kijana wa Manzese hana Vietnam ya kuiacha. Akitoka kliniki, kituo cha daladala anachoshukia ndicho alichokuwa akipiga debe, pusha wake anamsalimia kwa jina, na ukuta ule aliokuwa akiegemea bado una wenzake. Ubongo hukumbuka mahali. Harufu ya njiti ya kiberiti au kona fulani ya uchochoro inaweza kumtoa mate na jasho mtu ambaye hajagusa unga kwa mwaka mzima. Wazazi wanaompeleka mtoto kijijini kwa bibi wana hoja nzuri kuliko wanavyojua. Ugumu ni kwamba kijijini hakuna methadoni, na siku anaporudi mjini anarudi na mwili usio na ustahimilivu.

Zanzibar ililijibu swali la mahali kwa namna yake. Kuanzia mwishoni mwa muongo wa kwanza wa karne hii, watu waliokuwa wenyewe wametumia na kuacha walifungua soba hausi, yaani nyumba za nafuu, ambamo mtu huishi kwa miezi kadhaa mbali na maskani yake. Zinafuata hatua 12, zilizoanzia kwa Alcoholics Anonymous, chama kilichoasisiwa Akron, Ohio, mwaka 1935 na walevi wawili, Bill Wilson na daktari Bob Smith, kisha zikachukuliwa na Narcotics Anonymous mwaka 1953. Kiini cha hatua hizo ni mtu kukiri kwamba hamudu peke yake, kujikabidhi kwa Mungu kama anavyomjua, kuwaendea aliowadhulumu na kurekebisha, kisha kumsaidia mwingine. Pwani yetu hazikuhitaji kutetewa sana, kwani mwenye kusikia habari za toba na kurudisha haki ya mtu anakuta ni mambo aliyofunzwa chuoni akiwa mtoto.

Nguvu ya soba hausi ni watu wake. Mgeni anapofika akitetemeka, anayempokea ni mtu aliyefika akitetemeka vile vile miaka mitatu iliyopita, na hadanganyiki. Anajua uongo wote kwa kuwa aliusema yeye. Udhaifu wake ni siku ya kutoka, kama ilivyo kwa kufuli: mwili umesafika, ustahimilivu umekwisha, mtaa ni ule ule. Mzazi anayemchagulia mtoto soba aulize mapema nini kinafuata baada ya kutoka: kuna vikao vya jioni, kuna mtu wa kumpigia simu, kuna kazi? Na asiikubali kabisa nyumba inayopiga, inayofunga kwa minyororo, au inayomlazimisha mgonjwa kuacha dawa zake za VVU, za akili au methadoni aliyoandikiwa. Wafuasi wa hatua 12 na madaktari wa methadoni wamegombana kwa miaka mingi duniani kuhusu nani kati ya wagonjwa wao amepona kweli. Ugomvi huo hauna faida kwetu. Kuna watu wanaohitaji kikombe, kuna wanaohitaji nyumba, na wengi wanahitaji vyote viwili kwa nyakati tofauti.

Wanawake wameachwa nyuma na karibu kila kitu nilichokieleza. Katika miaka ya mwanzo ya kliniki ya Muhimbili, hata mmoja kati ya kila wagonjwa kumi hakuwa mwanamke. Hawakuwa wachache hivyo mitaani. Walikuwa wamejificha magetoni, chini ya wanaume waliowapa unga na kuwadai miili. Mwaka 2005 watafiti waliripoti kutoka Dar es Salaam jambo ambalo liliwashtua madaktari wa nchi nyingi: mwanamke aliyepata kete, baada ya kujidunga, alivuta damu yake mwenyewe kwenye bomba na kumpa mwenzake asiyekuwa na hela ajidunge damu hiyo, kwa imani kwamba ina unga wa kumtuliza arosto. Nauona ndani yake udugu mkubwa kati ya watu waliotupwa, na naona VVU ikipita moja kwa moja kutoka mshipa hadi mshipa.

Mwanamke anayetumia heroini mara nyingi hukosa hedhi na kudhani hawezi tena kuzaa. Akianza methadoni mwili unarudi, na mimba inakuja bila kutarajiwa. Hapo ndugu humshinikiza aache dawa kwa ajili ya mtoto. Ushauri wa kitaalamu ni kinyume: mjamzito asikatishe methadoni, maana arosto inaweza kumletea mimba kuharibika au uchungu wa mapema. Mtoto anaweza kuzaliwa na arosto yake mwenyewe, ambayo wauguzi wanajua kuitibu. Kliniki yenye kona ya watoto, muuguzi mwanamke na siku maalumu za akina mama huwapata wanawake ambao kliniki ya kawaida haiwapati kamwe.

Pombe inanilazimu kugeuza nilichosema mwanzoni. Arosto ya pombe inaua. Mtu aliyekunywa kila siku kwa miaka, iwe gongo, mbege, chang'aa au bia ya chupa, anayeanza kutetemeka asubuhi mpaka azimue, hapaswi kufungiwa chumbani wala kuacha ghafla peke yake. Kati ya saa 6 na 48 baada ya glasi ya mwisho anaweza kupata degedege. Siku ya pili hadi ya nne anaweza kuchanganyikiwa, kuona wadudu ukutani, kusikia watu wanaomwita, homa ikapanda, moyo ukaenda mbio. Wengi wamepelekwa kwa mganga au kuombewa mapepo wakiwa katika hali hiyo, nao walihitaji wodi, dawa za kutuliza kama diazepamu kwa kipimo cha daktari, na vitamini B1, ambayo upungufu wake kwa walevi wa muda mrefu huharibu kumbukumbu moja kwa moja. Dua na ifanyike, lakini ifanyike kando ya kitanda cha hospitali.

Baada ya hapo hakuna methadoni ya pombe. Zipo naltreksoni, inayopunguza hamu, na akamprosati, inayosaidia aliyekwisha kuacha asirudi. Shirika la Afya Duniani liliziongeza zote mbili katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2023, na ingefaa wizara zetu zihakikishe zinafika hospitali za mikoa. Kwa sasa tegemeo kubwa ni ushauri nasaha, vikao vya watu waliokwisha kupita njia hiyo, na sheria zinazopunguza upatikanaji. Tanzania ilipopiga marufuku pombe ya viroba kuanzia Machi 1, 2017, pombe kali ya bei ya mwanafunzi ilitoweka kwenye vibanda, na naiona kuwa hatua ya afya ya maana. Nalitaja hili pia kwa ajili ya wagonjwa wa methadoni, kwani wapo wanaoacha unga wakajaza nafasi yake kwa pombe. Methadoni na pombe vyote hupunguza pumzi, na ndiyo maana nesi humzuia dozi mgonjwa aliyekuja amelewa. Anamkatalia ili aishi.

Mwishoni mwa 2012 msanii Rehema Chalamila, Ray C, alikwenda Ikulu kumshukuru Rais Jakaya Kikwete kwa kumsaidia kupata tiba ya uraibu, na nchi ikazungumza kwa huruma. Februari 2017 majina ya watu maarufu waliotuhumiwa kuhusika na dawa za kulevya yalisomwa hadharani Dar es Salaam, na nchi ikazungumza kwa lugha ya polisi. Mjadala wetu umekuwa ukiyumba hivyo kwa muda mrefu, ilhali kinachomfanya mgonjwa abaki au apotee ni vitu vidogo ambavyo havifiki kwenye taarifa ya habari. Nauli ni kimojawapo. Dawa ni bure, lakini anayetoka Mbagala au Bunju kila siku ya Mungu, siku saba kwa wiki, analipa daladala kwenda na kurudi kabla hajapata kibarua. Asiyekuwa na nauli hutembea, anachelewa, dirisha linafungwa, na jioni ile ile pusha yuko mlangoni. Kingine ni kazi. Kibarua hugawiwa alfajiri, dozi hutolewa asubuhi, na mtu analazimika kuchagua.

Kwa hiyo nawaomba watu watatu. Wewe mwenye gereji, saluni, mgahawa au eneo la ujenzi, ukiwa na kijana anayekunywa dawa, mruhusu afike saa nne na usitangaze sababu kwa wenzake. Ninyi madiwani na wakurugenzi wa halmashauri, ombeni dirisha la jioni katika kliniki iliyo kwenu na vituo vya kunywea dawa karibu na makazi ya watu. Na wewe mzazi, kufuli lile liondoe mlangoni. Akiteleza, mrudishe kliniki siku hiyo hiyo bila matusi, kwani wao wanajua la kufanya. Kesho asubuhi mpe nauli ya kwenda na kurudi, na keshokutwa mpe tena.